Europa Universalis: Jinsi mchezo wa dola na vita ulivyoijaza ramani ya Afrika Mashariki

MNAMO Novemba 4, 2025, wapenzi wa michezo ya mikakati inayochezwa kwa kompyuta walipokea toleo la tano la Europa Universalis, robo karne baada ya kampuni ya Paradox ya Stockholm, Uswidi, kutoa lile la kwanza mwaka 2000. Ni mchezo wa kuendesha dola: kupigana vita, kukusanya kodi, kufunga mapatano na kuyavunja. Ramani yake ni dunia nzima, na dunia hiyo inajumuisha Mombasa, Malindi, Kilwa na bara lililo nyuma ya miji hiyo.

Kijana wa Tulia, Kitui, mwenye kompyuta ya wastani anaweza leo kuketi mbele ya ramani hiyo na kuitafuta nchi ya wazee wake. Atakachokiona kinategemea toleo analocheza. Katika matoleo ya mwanzo, sehemu kubwa ya bara la Afrika ilikuwa doa jeupe. Baadaye ikawa nyika isiyopitika. Kisha majina machache yakachomoza, na katika toleo la karibuni ardhi hiyo ina watu waliohesabiwa. Namna mabadiliko hayo yalivyotukia, na yale ambayo hayajatukia bado, inaeleza mengi kuhusu jinsi historia ya eneo hili inavyowafikia mamilioni ya watu ambao hawatawahi kufungua kitabu chochote kuihusu.

Mchezo wa aina gani?

Katika Europa Universalis, mchezaji haongozi askari mmoja wala kikosi kimoja. Hukabidhiwa dola: hazina yake, majeshi yake, merikebu zake, mabalozi wake, dini ya raia wake na ugomvi wake na majirani. Siku husonga moja baada ya nyingine kwa kipindi cha karne tatu hadi tano, na mchezaji anaweza kuzisimamisha apate kufikiri na kutoa amri. Hakuna hadithi iliyoandikwa kimbele ambayo ni lazima aifuate. Mtu anaweza kuichukua Ureno akashindwa kuvuka bahari, au kuichukua Kilwa akawazuia Wareno wasitie nanga.

Msomaji anayelijua bao la Kiswahili ana mahali pa kuanzia. Bao nalo ni mchezo wa vita na hesabu. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hupitia awamu ya namua kabla ya kuingia mtaji, ambako kete zote zimekwisha kuwa ubaoni na kila hatua ni ya kuviziana. Fundi wa bao hutazama mbali, akatoa kidogo leo ili ateke kingi kesho.

Tofauti iliyopo ni kubwa, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Wachezaji wa bao huanza sawa, na anayeshindwa hushindwa na akili ya mwenzake. Katika Europa Universalis hakuna usawa. Kila dola huanza na hali inayodaiwa kuwa ndiyo ilikuwa hali yake kihistoria: Ufaransa ina watu na mali nyingi, Malindi ni mji mmoja wa pwani. Kwa hiyo kabla ya mchezaji kugusa chochote, mtu mwingine amekwisha kuamua nani ni mkubwa, nani ni mdogo, na nani hahesabiwi kuwa dola kabisa.

Kutoka mezani hadi kwenye kompyuta

Michezo ya vita juu ya ramani si jambo geni. Maafisa wa jeshi la Prussia walitumia ramani, vipande na dadu kufanyia mazoezi ya vita tangu miaka ya 1820. Mwaka 1957 Mfaransa Albert Lamorisse, ambaye pia alikuwa mtengenezaji filamu, alitoa mchezo wa mezani uliokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Risk. Huo uliigawa dunia katika maeneo 42. Afrika ilipewa maeneo sita, na moja kati ya hayo liliitwa Afrika Mashariki. Nchi zetu zote zilikuwa rangi moja, mahali pa kupitishia majeshi kuelekea kwingine.

Europa Universalis yenyewe ilianza mezani vilevile. Mfaransa Philippe Thibaut aliitoa mwaka 1993, ikihusu miaka ya 1492 hadi 1792. Ilikuwa kazi nzito yenye kitabu kinene cha kanuni na vipande vingi mno vya kadibodi, na kuimaliza kulihitaji vikao vingi. Hesabu za kodi, bei na majeshi zilifanywa kwa kalamu na karatasi. Ni kazi ya aina hiyo hasa ambayo kompyuta huifanya bila kuchoka, na hapo ndipo Waswidi walipoona nafasi.

Toleo la kwanza la kompyuta, mwaka 2000, lilifuata mpango wa Thibaut kwa karibu, na kwa hiyo lilirithi pia mtazamo wake. Kuanza mwaka 1492 ni kuanza na safari ya Christopher Columbus. Aliyecheza kampeni kuu alichagua mojawapo ya dola chache zenye nguvu, nyingi zikiwa za Ulaya. Sehemu ya dunia ambayo dola yake haikuijua ilifunikwa kwa weupe mpaka mpelelezi au merikebu ifike.

Weupe huo una mantiki yake kwa mtu anayecheza Ureno, maana mfalme wa Lisbon kweli hakuijua Kilwa. Lakini pwani haikuwa imejificha. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake. Twiga kutoka Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Weupe ulionyesha ujinga wa mtazamaji mmoja, lakini kwa kuwa wachezaji wengi waliketi upande wa mtazamaji huyo, ulionekana kama hali ya dunia yenyewe.

Historia iliyoandikwa na historia iliyo huru

Toleo la pili lilitoka mwaka 2001. Lilipanua kipindi kikawa 1419 hadi 1820 na kuleta badiliko lililoujenga umaarufu wa mfululizo huu: mchezaji aliruhusiwa kuchagua dola yoyote iliyomo kwenye ramani. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama bahari kutoka upande wa pili, akiwa mwenyeji anayeziona tanga za wageni zikichomoza.

Hata hivyo, toleo hilo lilikuwa na matukio mengi yaliyopangwa kimbele kwa tarehe. Mfalme fulani alizaliwa, mageuzi fulani yakafanyika, msaada fulani ukapatikana, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika vitabu. Dola zilizoandikiwa vitabu vingi zilipata matukio mengi; zilizoandikwa kwa uchache zilipata machache. Huo ni upendeleo usiotokana na nia mbaya. Unatokana na rafu ya vitabu iliyo mbele ya mtengenezaji.

Toleo la tatu, lililotolewa Januari 2007, liliuacha mtindo huo. Ramani ikawa ya kina na matukio yakategemea hali badala ya tarehe. Lilianza mwaka 1453, mara baada ya Constantinople kuangukia mikononi mwa Waturuki, na baadaye nyongeza zake zikakivuta kipindi nyuma hadi 1399 na mbele hadi karne ya 19. Tangu hapo swali la msingi la mchezo likawa wazi: kama mambo yangekwenda vingine, ingekuwaje?

Kwa pwani yetu swali hilo si la mzaha. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, akapokewa kwa mashaka Mombasa na kwa ukarimu Malindi, miji miwili iliyokuwa na uhasama. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliiteka Kilwa na kuipora na kuichoma Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya mzingiro mrefu. Mchezaji anayeishika Mombasa anajua jahazi la Almeida lina tarehe. Ana miaka kadhaa ya kuamua kama atapatana na Malindi, atajenga ngome, au atatafuta ulinzi wa dola kubwa ya Kiislamu iliyo kaskazini. Ni mafunzo ya siasa ambayo mwalimu wa historia angeyafurahia: utengano wa miji ya pwani ulikuwa na gharama, na gharama hiyo inaonekana katika hazina.

Lakini toleo hilo lilikuja na kanuni nyingine iliyoleta ubishi wa muda mrefu.

Bei ya maarifa

Katika toleo la tatu, na pia katika la nne lililotoka Agosti 13, 2013, dola zote ziligawanywa katika makundi ya maarifa. Za Ulaya Magharibi ziliwekwa kundi la juu, zikalipa gharama ya kawaida kila zilipotaka kuendeleza jeshi, utawala au biashara. Nyingine zililipa zaidi, na zile za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa miongoni mwa zilizotozwa gharama kubwa zaidi. Dola iliyotaka kuondoka katika hali hiyo ilibidi ijigeuze kuwa ya Kimagharibi: ipakane na dola ya kundi la juu, kisha ipitie kipindi cha maasi na misukosuko hadi mageuzi yakamilike.

Kwa lugha nyepesi, kanuni ilisema kwamba kuna watu waliozaliwa nyuma, na kwamba tiba ni moja tu: kufanana na Mzungu. Haikueleza kwa nini Kilwa iliyokuwa ikigonga sarafu zake yenyewe, kusimamia biashara ya dhahabu ya Sofala na kujenga misikiti ya mawe ya matumbawe ihesabiwe hivyo tangu siku ya kwanza, mwaka 1444, zaidi ya miaka 50 kabla ya Mreno kuonekana.

Oktoba 2016 watengenezaji waliifuta kanuni hiyo na kuweka nyingine. Maarifa sasa yalifikiriwa kuwa mambo yanayozaliwa mahali na kusambaa: mwamko wa sanaa na elimu, uchapaji vitabu, biashara ya dunia, viwanda vya mikono. Jambo jipya hupita mipaka polepole, kutoka mkoa hadi mkoa. Dola iliyolikumbatia hulipa gharama ya kawaida. Iliyochelewa hulipa zaidi mpaka lilifikie. Muhimu zaidi, mtawala aliyewekeza vya kutosha katika mji wake angeweza kulikuza jambo hilo nyumbani bila kumngoja jirani wa Ulaya.

Kanuni mpya haikuondoa kila upendeleo. Mambo mengi ya mwanzo bado yalizaliwa Ulaya, na Italia ilipewa ule mwamko wa kwanza. Walakini tofauti ni ya maana. Katika kanuni ya zamani, unyuma ulikuwa asili ya mtu. Katika mpya, ulikuwa umbali, na umbali unaweza kufupishwa.

Mto usiorudi nyuma

Kanuni ya pili iliyozua mjadala katika toleo la nne ni ya biashara. Ramani iligawanywa katika vituo vya biashara vilivyounganishwa kwa mishale. Mali ya mkoa huingia kituo cha karibu, na wafanyabiashara huisukuma kwenda kituo kinachofuata hadi ifike mwisho. Kituo cha pwani yetu kiliitwa Zanzibar. Kutoka hapo mishale ilikwenda Ghuba ya Aden upande wa kaskazini na Rasi ya Tumaini Jema upande wa kusini. Miisho ya mfumo mzima ilikuwa mitatu: Venice, Genoa na mlango-bahari wa Uingereza. Mishale ilielekea upande mmoja, na hakuna mchezaji aliyeweza kuigeuza.

Maana yake ni kwamba hata Kilwa ikiwa na nguvu kiasi gani, hata ikitawala Bahari ya Hindi yote, utajiri wa dunia ungali unatiririkia Ulaya. Mshale wa kusini, unaozunguka Rasi, ulikuwepo tangu mwaka 1444 ilhali hakuna jahazi la biashara lililofuata njia hiyo wakati huo.

Biashara halisi ya pwani haikuwa mto wa aina hiyo. Ilikuwa ya kwenda na kurudi, nayo ilitawaliwa na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na India takriban kuanzia Novemba hadi Machi. Kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Nguo za Gujarat zilikuja, pembe za ndovu na dhahabu zikaenda. Vipande vya vyombo vya kaure vya China vimechimbuliwa Gede na Kilwa. Mwisho wa safari ulikuwa Aden, Hormuz na Cambay, na kila mwisho ulikuwa pia mwanzo. Kanuni ya mchezo ilichukua matokeo ya karne ya 18 na 19 na kuyafanya sheria ya asili ya karne ya 15.

Pamoja na hayo, toleo la nne lilidumu zaidi ya miaka 10 likipokea nyongeza, na ramani yake ikaendelea kusahihishwa. Pwani ilipata dola kadhaa tofauti: Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate, Mogadishu. Mwaka 2016 sehemu kubwa ya bara iliyokuwa imefungwa kama nyika isiyopitika ilifunguliwa, na eneo la Maziwa Makuu likaingia na dola kama Buganda, Bunyoro na Rwanda. Sehemu nyingine zilibaki zimefungwa. Nyingine zilikuwa wazi lakini hazina mwenyewe, na wakazi wake waliandikwa kwa tarakimu tatu: wingi wao, ukali wao na uwezekano wa wao kushambulia. Dola iliyotaka kuitwaa ardhi hiyo ilikuwa na kitufe cha kuwashambulia wenyeji mpaka tarakimu ya kwanza iwe sufuri.

Ndugu zake wawili

Paradox haikubaki na mfululizo mmoja. Kwa misingi ileile ilitoa Hearts of Iron mwaka 2002, unaohusu Vita vya Pili vya Dunia, na Victoria mwaka 2003, unaohusu karne ya 19. Yote miwili inagusa Kenya, na hasa Ukambani, kwa namna yake.

Katika Hearts of Iron, ambao toleo lake la nne lilitoka Juni 6, 2016, mchezo huanza Januari 1, 1936, Italia ikiwa tayari imeivamia Ethiopia. Kenya ni mali ya Uingereza. Watu wake huingia katika hesabu kama idadi ya wanaoweza kuandikishwa jeshini, nayo huwekwa katika ghala la London. Nyuma ya tarakimu hiyo wako askari wa King's African Rifles, waliopigana na Waitaliano katika Afrika Mashariki mwaka 1940 na 1941, kisha wakapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele kupitia bonde la Kabaw mwaka 1944. Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi. Familia nyingi za Kitui, Machakos na Makueni zina habari za babu aliyekwenda na aliyerudi, au hakurudi. Mchezo hauna nafasi ya kuuliza walikwenda kwa hiari au kwa shuruti, wala walilipwa nini waliporejea. Septemba 2022, nyongeza moja iliipa Ethiopia mpango wake kamili wa kisiasa na kivita. Kenya haikupata kitu kama hicho.

Mfululizo wa Victoria ulichukua njia tofauti. Tangu mwanzo ulihesabu watu wote, ukiwagawa kwa kazi, dini na utamaduni. Lakini katika toleo la pili, la mwaka 2010, sehemu kubwa ya bara la Afrika haikuwa na dola yoyote. Ilikuwa ardhi inayomngoja mkoloni. Toleo la tatu, lililotoka Oktoba 25, 2022, lilirekebisha jambo hilo kwa kuzipa jamii za bara majina na mipaka, likaziita mataifa yasiyo na serikali kuu. Mkoloni anaposonga mbele katika ardhi yao, chuki hupanda, na ikifikia kilele wao huasi na kupigana. Ila kuna sharti: mchezaji hawezi kuchagua taifa la aina hiyo. Linaweza kupinga, lakini haliwezi kupanga.

Toleo la tano: watu kabla ya mipaka

Toleo la tano la Europa Universalis lilitengenezwa na tawi la Paradox lililoko Sitges, karibu na Barcelona, Uhispania, chini ya Johan Andersson, ambaye amekuwa na mfululizo huu tangu toleo la kwanza. Linaanza Aprili 1, 1337, na kuendelea hadi 1837. Tarehe hiyo inaiweka Kilwa karibu sana na kilele chake. Ni miaka sita tu tangu ziara ya Ibn Battuta, na michache tangu utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa, lenye ua, vyumba na birika la kuogea, bado linaonekana katika magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Mabadiliko mawili ndiyo makubwa. La kwanza ni kwamba mfumo wa kuhesabu watu, uliozoeleka katika Victoria, sasa umeingia huku. Kila eneo lina wakazi wenye utamaduni, dini na tabaka, wawe chini ya dola au la. Ardhi isiyo na mfalme si ardhi tupu tena. Tauni ikizuka hufa watu na kodi hupungua. Vita vikipigwa, wanaokufa hutoka katika vijiji vinavyojulikana.

La pili ni kwamba ile mishale ya biashara imeondolewa. Badala yake kuna masoko yenye mahitaji na ziada, na bidhaa huenda panapolipa. Soko la pwani linaweza kukua, kuvuta mali kutoka bara na kuziuza Arabuni na India, bila sheria iliyofichika inayosema lazima faida iishie Venice.

Jambo jingine lisilopaswa kupuuzwa ni namna ramani yenyewe ilivyochorwa. Mwaka 2024, kabla ya mchezo kutangazwa rasmi, watengenezaji walionyesha ramani zao kanda kwa kanda na kuwaalika wachezaji watoe masahihisho: majina ya mahali, mipaka, lugha, mazao, idadi ya watu. Masahihisho mengi yalikubaliwa. Yaani ramani ilifuata ushahidi, na ushahidi ulifuata watu waliojitokeza kuutoa.

Pengo lililobaki

Hapo ndipo tunaporudi Kitui. Kilwa imo katika mchezo kwa sababu ina kumbukumbu iliyoandikwa: Tarehe ya Kilwa yenye orodha ya masultani wake, maelezo ya Ibn Battuta, barua za Wareno, sarafu na magofu. Buganda imo kwa sababu ina kabaka na nasaba inayoweza kuorodheshwa. Dola inapokuwa na mfalme, mji mkuu na mrithi, mchezo unajua la kufanya nayo.

Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee, nzama, na watu walifungamana kwa koo zao. Mtu alipata sauti kwa umri, busara, ujasiri na mali, wala hakuirithi kama kiti. Utaratibu huo haukuwazuia kufanya mambo makubwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakuu wa safari ndefu kati ya bara na Mombasa. Misafara yao ya mamia ya watu ilishusha pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui, mnamo Desemba 3 mwaka huo, Krapf alipouona mlima wenye theluji ambao jina lake, kwa matamshi ya Kikamba, ndilo chanzo cha jina Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea mto Tana, na Krapf alikuwa katika msafara huo. Baadaye wafanyabiashara wa pwani walianza kuingia bara wenyewe, na ukuu wa Wakamba katika njia hiyo ukafifia.

Hayo yote ni mikakati kwa maana kamili ya neno: kuchagua njia, kupima hatari, kupatana na majirani, kulinda nafasi ya katikati baina ya wenye pembe na wenye merikebu. Ni mambo yaleyale anayoyafanya mchezaji wa Venice. Lakini tangu toleo la kwanza mfululizo huu umedhani kwamba anayeamua ni mtu mmoja aliyeketi juu, na kwamba pasipo mtu huyo hakuna wa kucheza. Umekwisha kujifunza kuwahesabu watu wasio na mfalme. Kuwapa hatamu bado.

Mabadiliko ya ramani yanaonyesha kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa. Weupe uliondoka habari zilipopatikana. Bei ya maarifa ilibadilika, na mishale ya biashara ikaondolewa, kanuni hizo zilipohojiwa kwa hoja. Kwa Ukambani, sehemu kubwa ya habari zinazohitajika bado imo vinywani mwa wazee: majina ya njia, visima, masoko ya kale, koo zilizohama na sababu za kuhama. Zile ambazo zimeandikwa, kama safari za Krapf, ziliandikwa na wageni. Ramani ijayo, iwe ya mchezo au ya kitabu cha shule, itachorwa kutokana na kile kitakachokuwa kimewekwa kwenye karatasi siku hiyo.